Uzi: Yule mwenye kupooza aliyeteremshwa kupitia dari, na tunachowafundisha watoto wetu juu ya uponyaji

MwalimuKibirizi (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Nafundisha shule ya Jumapili huku Kigoma, katika kanisa dogo la upande wa Kibirizi, na darasa langu ni la watoto wa miaka 7 hadi 12. Wengi wao ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaoanika dagaa, kwa hiyo nikiwaambia kwamba Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi kando ya ziwa, sihitaji picha ya ukutani. Wanachoka tu wakisikia kwamba ziwa lenyewe, Bahari ya Galilaya, lina urefu wa kilomita 21 hivi. Mtoto aliyezoea Tanganyika, ambalo ng'ambo yake ni nchi nyingine, huliona lile kuwa dimbwi.

Ninaleta jambo ambalo limenisumbua tangu msimu wa kiangazi. Katika darasa langu yumo mvulana wa miaka 10 anayetembea kwa magongo mawili. Ulifanyika mkutano wa injili uwanjani, akaja mhubiri mgeni, na katika maombezi mtoto yule alipandishwa jukwaani, akanyang'anywa magongo na kuamriwa atembee. Alipiga hatua moja, akaanguka kifudifudi. Mhubiri alisema kwenye kipaza sauti, watu wote wakisikia, kwamba imani ya mtoto bado ni changa, kisha akamwita mwingine. Mama yake ndiye aliyepanda kumwinua na kuyatafuta magongo, ambayo yalikuwa yamekwisha kutupwa nyuma ya maspika.

Jumapili tatu hakuonekana. Ya nne alikuja, akakaa benchi la nyuma, na baada ya sala ya mwisho akaniuliza, huku akichora sakafuni kwa ncha ya gongo: "Mwalimu, imani inapimwaje? Yangu imepungua kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimsindikiza hadi kwao nikimzungumzisha habari za mpira, na njia nzima nilijiona mwoga.

Wiki ile nilikaa na Injili ya Marko, sura ya 2, aya ya 1 hadi ya 12, ambayo nimeifundisha mara nyingi na kila mara nikaifunga kwa maneno yale yale: "Basi, watoto, ukiwa na imani, Yesu atakuponya." Safari hii nilisoma taratibu, penseli mkononi, nikitafuta ni wapi mgonjwa yule anaulizwa kama anaamini, au ni wapi anafungua kinywa chake. Hakuna. Tangu anapobebwa mpaka anapotoka hasemi hata neno moja. Aya ya 5 inasema kwamba Yesu alipoiona imani *yao*, ndipo akasema naye. Mathayo katika sura ya 9 na Luka katika sura ya 5 wanasimulia kisa hicho hicho, na wote wawili wameandika "imani yao". Wapo wafasiri wanaosema kwamba mgonjwa naye amo ndani ya "yao", na sina ugomvi nao, ila hata kwa hesabu hiyo hakuna aliyemtenga peke yake mbele ya umati na kumpima.

Basi Jumapili iliyofuata niliamua tuigize. Kwanza ilitubidi tuvuke neno "godoro". Biblia yetu inasema mtu yule aliambiwa ajitwike godoro lake, na watoto wakacheka mpaka machozi, kwa sababu wao godoro wanalolijua ni lile nene la sponji ambalo hata watu wazima wawili hulibeba kwa taabu mlangoni. Nikawaambia kwamba la mtu maskini wa zamani zile lilikuwa kitu chepesi cha kukunja, na nikatandika mkeka. Kisha likaja neno "dari". Mmoja akauliza ni vipi watu wanne walipanda juu ya bati na mgonjwa bila kuteleza, na bati lenyewe walilitoboa kwa nini. Nikaeleza kwamba nyumba za Kapernaumu zilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, na paa lilikuwa bapa, la miti na matawi yaliyofunikwa kwa udongo, watu wakipanda kwa ngazi ya nje. Kwa hiyo kutoboa dari kulikuwa kuchimba hasa. Waliokaa chini walimwagikiwa na vumbi vichwani, Yesu mwenyewe akiwa kati yao.

Nilitaka mvulana wetu alale mkekani. Sasa naona lilikuwa wazo la kizembe. Ni kama kwamba kwa kuwa ana magongo, nafasi yake katika kila hadithi imekwisha kupangwa. Alikataa kwa adabu. Akasema, "Mimi nitakuwa mwenye nyumba."

Darasa likanyamaza, maana mwenye nyumba hatajwi. Akasimama pembeni, akategemea gongo moja na la pili akalinyoosha juu kwa hasira ya kuigiza, akaanza kufoka: "Nyie! Nani atalipa dari langu? Mvua ikija je?" Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile kanisani. Waliobeba mkeka waliuangusha, na aliyelala juu yake, binti mdogo wa miaka 7, akapata uvimbe kisogoni. (Tulimwekea kitambaa cha maji. Alijisifia uvimbe ule wiki nzima.)

Walipouinua tena waligundua jambo ambalo nisingeweza kulifundisha kwa maneno. Mkeka una pembe nne, na akiharakisha mmoja, mgonjwa humwagika. Walizunguka chumba mara tatu kabla hawajapata mwendo mmoja. Nikawauliza ni nani kati ya wanne aliyekuwa na imani kubwa zaidi. Wakatazamana. Binti aliyekuwa juu ya mkeka akajibu, "Aliyekuwa mguuni upande wa kushoto ndiye aliyenitikisa, lakini hakuniachia."

Hapo ndipo nilipomgeukia mvulana yule, nikamjibu swali lake mbele ya wenzake, kwa kuwa aibu yake ilikuwa imetendeka mbele ya watu. Nilimwambia kwamba katika kisa hiki Yesu hakupima imani ya mgonjwa. Aliiona ya waliombeba, na siku ile uwanjani waliopaswa kuulizwa habari za imani ni sisi tuliosimama na kutazama.

Naomba maoni yenu, hasa ya walimu na wazazi. Je, nimekosea? Nanyi mnawaeleza nini watoto wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu mnapofika kwenye habari za miujiza?

---

Mnyanyembe

Mwalimu, pokea salamu kutoka Tabora. Kuhusu dari, ninyi wa Kigoma mmehangaika bure. Kwetu Unyanyembe wazee wanalijua tembe: nyumba ya udongo yenye paa bapa, miti imepangwa, juu yake fito, na juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe la kumbukumbu ya Livingstone, ambaye alikaa hapo mwaka 1872. Mimi huwapeleka watoto wa kipaimara kulitazama, kisha tunasoma Marko 2 tukiwa uani. Mtoto akishatazama unene wa udongo ule, haulizi tena kama wale wanne walikuwa na imani. Anauliza walitumia jembe gani.

Nyongeza yangu ni moja. Usipite haraka kwenye maneno ya kwanza ya Yesu. Alisema, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako," kabla ya kugusa habari ya miguu. Watoto wangu hukwama hapo, nami hukwama pamoja nao.

---

MamaWawili_Kasulu

Mwalimu, mimi ni mzazi na mtoto wangu wa pili ana kifafa. Nimesoma uzi huu nikiwa nimeketi kitandani kwake. Sitaeleza mengi, ila aliyoyasema Mnyanyembe ndiyo yaniumizayo. Mtoto akisikia kwamba mgonjwa alisamehewa dhambi kwanza ndipo akaponywa, anakata shauri kwamba aliugua kwa sababu alitenda dhambi. Mwanangu aliniuliza ni dhambi gani aliifanya akiwa na miaka 3. Mnalijibuje hilo?

---

MwalimuKibirizi

Mama, pole sana, na asante kwa kuliweka wazi. Kwangu pia swali hilo lilikuja, tena mapema kuliko nilivyotarajia.

Nilichofanya ni kufungua Yohana sura ya 9, ambapo wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Nikawaambia watoto kwamba swali la mwanao lina umri wa karibu miaka 2,000, na limekwisha kujibiwa na Yesu mwenyewe, kwa hiyo mtu mzima yeyote anayelirudia kwa kumnyooshea mtoto kidole amechelewa darasani.

Kisha tulirudi kwa Marko. Waliokuwa wamekaa pale ni waandishi, watu wa sheria, nao walifikiri mioyoni kwamba anakufuru, kwa maana Mungu peke yake ndiye asameheye. Yesu akawauliza lipi ni jepesi zaidi, kusema umesamehewa au kusema ondoka uende. Watoto walibishana vikali juu ya hilo. Mmoja akasema kusamehe ni kwepesi kwa sababu hakuna anayeweza kukagua. Huyo atakuwa mwanasheria. Lakini ndivyo hoja inavyokwenda: kuponya miguu kulifanywa waziwazi ili lile lisiloonekana liaminike, na aya ya 10 yasema hivyo, kwamba wapate kujua kuwa Mwana wa Adamu anayo amri ya kusamehe dhambi duniani. Msamaha haukutolewa kama dawa ya kupooza. Ulikuwa zawadi ambayo kila mtu mle ndani aliihitaji, wenye miguu mizima wakiwemo.

Mwambie pia mwanao neno la kwanza alilotamkiwa mtu yule. Aliitwa "mwanangu" akiwa bado amelala, hajainuka, hajabeba chochote.

---

Mtetezi_wa_Imani

Nimesoma kwa uvumilivu na nitasema bila kuficha. Mwalimu, unaua imani ya watoto. Waebrania 13:8 inasema Yesu Kristo ni yeye yule jana na leo na hata milele. Ukiwafundisha watoto kwamba huenda wasipone, umewafundisha mashaka, na mashaka ni mlango. Mhubiri yule alikosea namna, lakini hakukosea kuamini. Mimi mwenyewe nilikuwa mgonjwa wa kifua, nikaombewa, nikapona.

---

MwalimuKibirizi

Ndugu yangu, namshukuru Mungu kwa kupona kwako, na siutilii shaka ushuhuda wako. Mimi pia huwawekea watoto mikono vichwani na kuwaombea wapone, mvulana yule akiwa wa kwanza, na nitaendelea.

Tofauti yetu ni hii: kumwambia mtoto kwamba Mungu aweza ni kushuhudia, kumwambia kwamba Mungu atafanya, leo, hapa, ukiruka hatua mbili, ni kutia sahihi kwa jina la Mungu bila kutumwa. Paulo alikuwa ameponya wengi, na bado katika waraka wa pili kwa Timotheo anasema kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na katika ule wa kwanza anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Hakuwaambia kwamba imani yao ni changa. Na Yakobo sura ya 5 anapoagiza maombi kwa ajili ya mgonjwa, anaagiza waitwe wazee wa kanisa, na kule kuomba kwa imani ni kazi yao wazee. Mgonjwa ameagizwa jambo moja tu, awaite.

Uniambie, basi, ni kwa andiko gani mtoto wa miaka 10 ndiye aliyebeba lawama, na wenye maspika wakaenda kulala.

---

Mtetezi_wa_Imani

Hilo la Yakobo sikuwa nimelitazama hivyo. Nitalisoma tena. Juu ya mashaka bado sijakubaliana nawe.

---

FundiBati_Mwanga

Shikamooni wakubwa. Mimi si mwalimu wala si mtu wa maandiko sana, ila ni fundi wa paa, na nimecheka peke yangu kibandani kwa ajili ya huyo mwenye nyumba. Naomba kuuliza kitaalamu: je, dari lilirudishiwa na nani? Maana kutoboa ni dakika chache, lakini kuziba udongo ili usivuje ni kazi nyingine kabisa, na ukiziba vibaya mvua ya kwanza inaonyesha.

---

MwalimuKibirizi

Marahaba, fundi. Maandiko hayasemi, nami niliwaambia watoto hivyo hivyo, kwamba hapa tumefika mahali ambapo kitabu kimenyamaza, na tusikitie maneno kinywani. Lakini niliwaruhusu wafikiri wangefanya nini wao wenyewe. Waligawanyika. Wakubwa walisema mwenye nyumba angesamehe kwa furaha ya muujiza. Wadogo walisema hapana, wale wanne warudi kesho yake na udongo, na yule aliyepona aje pia, kwa kuwa sasa ana miguu na mikono. Mvulana wetu, kama mwenye mali, alikubali shauri la wadogo akaongeza kwamba atawapikia ugali na migebuka wakimaliza.

Kwa kweli ningeweza kuandaa mahubiri mwezi mzima nisifikie hapo. Tumezoea kuufunga muujiza pale mtu anaposimama na umati kushangaa. Watoto waliutazama kesho yake, wakaona kwamba mtu aliyeponywa anarudi mtaani akiwa na kazi ya kufanya na jirani wa kumwomba radhi.

---

JiraniUjiji

Amani iwe kwenu. Mimi ni Mwislamu, na sisi wa Ujiji tumezoea kuketi baraza moja na Wakristo, kwa hiyo nimeingia bila kubisha hodi. Katika Kurani, sura ya Aal Imran aya ya 49, imetajwa kwamba Nabii Isa aliponya vipofu na wenye mbaranga kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Tofauti zetu juu yake zinajulikana na si za uzi huu. Nimetaka kusema tu kwamba mtoto yule simjui, lakini nami ni baba, na aliyemwangusha jukwaani angemwangusha mtoto yeyote.

---

MwalimuKibirizi

Karibu, jirani, baraza ni letu sote.

---

BibiMuuguzi

Wanangu, mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi vituo vya mkoa huu kwa miaka mingi. Naomba msiwaachie watoto pengo moja, la dawa. Nimeletewa watoto wenye malaria kali siku ya nne, wamekwisha kuombewa siku tatu, na wengine hatukuwawahi. Mwambieni mtoto kwamba Hezekia alipougua karibu na kufa na Mungu akamwahidi kupona, Isaya yule yule aliyeleta ahadi aliagiza pia uletwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Imo katika Wafalme wa Pili, sura ya 20. Ahadi na kidonda vilitibiwa katika nyumba moja.

Na wewe, mama wa Kasulu, dawa za kifafa zisikatwe siku hata moja kwa sababu ya maombi. Omba ukiwa umeshika kikombe cha maji, na kidonge kiko mkononi mwa mtoto.

---

MamaWawili_Kasulu

Nimekusikia, bibi. Shikamoo. Nimemsomea mwanangu ile Yohana 9 jioni hii. Alisikiliza, kisha akauliza kama kaka yake anaweza kushika pembe moja ya mkeka. Nikamwambia ndiyo. Akataja na wengine watatu, mmoja wao ni mbuzi.

---

MwalimuKibirizi

Mbuzi anakubalika.

Nimerudi kutoa taarifa fupi, kwa kuwa baadhi yenu mmeniuliza faraghani. Mvulana anahudhuria. Mama yake amekwenda naye hospitalini kuonana na wataalamu wa viungo, na wale wa darasani waliokuwa wakibeba mkeka sasa hubeba mkoba wake kwa zamu, jambo ambalo sikuwaagiza. Hugombana juu ya zamu hizo.

Jumapili ijayo tunaingia Marko 10, habari ya Bartimayo kipofu wa Yeriko. Ameniuliza kama anaweza kuwa mwenye nyumba tena. Nikamwambia kisa hiki hakina nyumba, kimetokea barabarani. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakuwa wale wanaomkemea anyamaze." Nikamwuliza kwa nini anapenda kuwa watu wabaya kila wakati. Akanionyesha aya ya 49, ambayo alikuwa amekwisha kuisoma kabla yangu: watu hao hao, Yesu aliposimama, ndio waliotumwa kumwita yule kipofu, wakamwambia ajipe moyo, ainuke.

"Nataka kuigiza mahali wanapogeuka," akasema.